Mgongo Wako Bado Unakua

Mailimoja, Kibaha

Mwanangu mpendwa,

Baba yako amenisomea majibu yako ya eksirei kwa simu, kwamba mgongo umepinda kwa nyuzi 28, kisha akauliza kama huo ndio mwanzo wa kibiongo cha bibi. Yeye nimeshamjibu. Wewe nakuandikia, kwa sababu mgongo ni wako, na najua hapo nyumbani kila anayeingia ana lake la kusema.

Kwanza nampongeza fundi cherehani wenu. Sketi ya shule kaipima, upindo umepanda upande wa kushoto. Kaufumua, kaupima tena, umepanda vilevile. Fundi mwingine angelaumu kitambaa. Yeye akamwambia mama yako akutazame kiuno. Halafu daktari wa hapo Kisarawe akakusimamisha miguu pamoja, magoti yamenyooka, akakuinamisha mikono ikining'inia, naye akachungulia kwa nyuma. Kipimo hicho kinabeba jina la William Adams, daktari Mwingereza aliyekieleza mwaka 1865, na bado hakihitaji umeme wala shilingi. Mbavu zako za kulia zilisimama juu kuliko za kushoto kwa kuwa uti wa mgongo haukuelemea pembeni tu: pingili zimejisokota, kama khanga inayokamuliwa, zikaenda na mbavu zake.

Ya bibi wa Maneromango ni habari nyingine kabisa. Yeye alipata kifua kikuu cha mifupa. Vijidudu hutoka mapafuni, vikasafiri na damu, vikala pingili kwa mbele hadi zikabonyea, na mgongo ukachomoza nyuma kwa kona. Daktari Percivall Pott wa London aliueleza ugonjwa huo mwaka 1779, ingawa hakujua kinachouleta. Siku hizi dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali. Kwa mifupa humezwa miezi 9 hadi 12, na anayewahi kwa kawaida hapindi. Kwa hiyo hukurithi kibiongo, wala hakuna aliyeuroga ukoo. Ugonjwa ule huja na maumivu ya mgongo yasiyoisha, homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, mwishowe miguu kulegea. Wewe huna hata dalili moja. Ukiipata, usingoje tarehe ya kliniki.

Ugonjwa wako wewe, wa mgongo kupinda kwa pembeni, huwapata watoto 2 hadi 3 katika kila 100 wa umri wa miaka 10 hadi 16, na chanzo chake hakijulikani. Wakati mwingine huonekana kwa ndugu wa familia moja. Hautokani na ndoo ya maji wala begi la madaftari, kwa hiyo mama yako aache kulia kwamba alikutuma kisimani. Ila kwa wasichana ndiko mgongo huzidi kupinda, hasa wanaporefuka kwa kasi.

Sasa hizo nyuzi. Daktari huchora mistari kwenye picha, mmoja juu ya pingili iliyoinama zaidi upande wa juu wa pindo, mwingine chini ya ile ya upande wa chini, akapima pembe kati yake, kwa namna ya Mmarekani John Cobb ya mwaka 1948. Chini ya 10 hauitwi ugonjwa. Kuanzia 10 hadi 25 hivi hutazamwa tu kila baada ya miezi kadhaa. Ukizidi hapo na mtoto bado anakua, huvalishwa mkanda. Ukifika 45 au 50, ndipo mazungumzo ya upasuaji huanza: chuma na skrubu kuushika mgongo. Upasuaji wa mgongo hufanywa MOI pale Muhimbili, taasisi ya mifupa iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Na picha ijayo ikisoma 31 usizimie, vipimo hivyo hupishana hadi nyuzi 5 hata mgongo ukiwa haujabadilika.

Wewe uko kwenye mkanda. Mzee wa mtaani anayetaka kukuchua sina ugomvi naye, misuli iliyochoka hulegea kwa kuchuliwa. Pingili hazinyooki kwa mafuta, na miezi ya kwenda kwake ndiyo miezi unayorefuka. Mkanda nao haunyooshi. Huzuia pindo lisiongezeke, na mifupa ikikomaa kazi yake imekwisha.

Huo mkanda, nikuambie ukweli, ni koti gumu la plastiki. Watakuzungushia bandeji za plasta wapate umbo la kiwiliwili chako, kisha plastiki iliyopashwa moto ilazwe juu ya umbo hilo. Wengi wa wataalamu wanaotengeneza mikanda hiyo wamesomea TATCOT, chuo kilichoanza mwaka 1981 pale hospitali ya KCMC, Moshi. Kwa joto letu la Pwani utajikuna. Vaa ndani fulana nyembamba ya pamba isiyo na mshono ubavuni, ibadilishe ikilowa, na usipake mafuta chini ya mkanda, ngozi italainika na kuchubuka.

Unauvaa saa ngapi? Utafiti wa Marekani na Kanada uliotolewa mwaka 2013 uliweka kidude cha kupima joto ndani ya mikanda, mtoto asiweze kudanganya. (Nimekipenda sana hicho kidude.) Waliovaa takriban saa 13 au zaidi kwa siku, kama 9 katika kila 10 hawakufika kwenye nyuzi za upasuaji. Usiku kucha na jioni ya kusoma zinakufikisha karibu. Netiboli unaruhusiwa, uvue tu ukicheza. Usain Bolt ana mgongo wa aina yako, na mwaka 2009 Berlin alikimbia mita 100 kwa sekunde 9.58.

Siku yako ya kliniki Muhimbili tutakutana palepale. Ninyi pitieni Gongo la Mboto, mimi nitatokea Mbezi. Barua ya rufaa na picha zote, hata ya kwanza, zije. Daktari atakuuliza ulianza hedhi mwezi gani, maana humwonyesha umebakiza kukua kiasi gani. Usione haya, na usimwachie baba yako akujibie.

Shangazi yako