Filme ya "Rome" na Latini Yetu



Tangu mwezi uliopita watu mingi wanatuuliza: ninyi wa Latini-Filozofia, kila siku ya posho magaribi munafanya nini kwa mwalimu wenu, mlango umefungwa? Mmoja alisema ya kwamba tunapewa kwa siri maswali ya mtihani wa Serikali. Kama ingekuwa kweli, tungekuwa tumenenepa kwa furaha. Mlango ulifungwa juu ya mbu. Tulikuwa tunaangalia filme, na sisi kapita wa wanafunzi tunaona vizuri kuieleza hapa wazi.

Filme yenyewe inaitwa "Rome". Ilitengenezwa kwa televizioni na HBO ya Marekani na BBC ya Uingereza, pamoja na RAI ya Italia, ikaonyeshwa mara ya kwanza toka mwaka 2005 mpaka 2007. Iko na vipande 22. Mwalimu wetu ana vile 12 vya kwanza, kwa Kifaransa, na sisi tisa tulichanga franka za esansi ya kuwasha groupe. Mara mbili esansi iliisha katikati ya vita, tukarudi bwenini gizani bila kujua nani ameshinda. (Wa historia walitucheka, juu wao walijua.)

Tuseme kwanza mambo ya utajiri wake. Vile vipande 12 vilikula karibu dola milioni 100. Kule Roma, mahali panapoitwa Cinecittà, walijenga upya soko kubwa la mji wa zamani, mahekalu, njia za mawe, nyumba za maskini zimepandana moja juu ya ingine. Mwaka 2007 moto uliunguza sehemu ya majengo yale. Gharama njo ilifanya filme isimame kisha sehemu mbili tu. Lakini tunapenda musikie neno moja: ile pesa yote haikutumika kuonyesha mji mweupe unaongaa kama katika picha za kitabu chetu. Ilitumika kuonyesha uchafu! Kuta zimepakwa rangi nyekundu na njano, watoto wameandika matusi juu yake, maji machafu yanapita katikati ya njia, kuku, mbuzi, wanawake wanabishana bei. Mmoja wetu akasema: "Kumbe Roma ni soko letu la siku ya kazi nne." Tangu siku ile Latini ilianza kutoka katika kitabu na kutembea.

Kuko mtu mmoja mnene katika filme, kazi yake ni kusimama sokoni na kutangaza habari za Serikali, mikono yake inacheza namna ya pekee kwa kila neno. Akimaliza kutangaza vita na kifo cha wakubwa, anatangaza mkate wa chama cha wasagaji, juu ni wao wanamlipa. Tulicheka mpaka machozi. Tunawajua wasomaji wa matangazo ya kanisa waliozaliwa na kipawa kile, lakini hatutawataja.

Tena kuko yule kijana mwembamba, Octavian, anayejibu wakubwa kama mtu wa miaka hamsini. Tulimwangalia vipande vitatu bila kumfahamu. Kisha mwalimu akatuuliza: "Munajua huyu ni nani?" Kumbe ni yule Kaisari Augusto wa Luka sura ya pili, aliyetoa amri ya kuandika watu wa dunia yote! Tunasoma jina lile kila Noeli tangu utoto, na hatukufikiri hata siku moja ya kwamba alikuwa mtoto mwenye mama mkali.

Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumwambia mwalimu ya kwamba katika filme ile kuko uchi na damu. Ni kweli, viko. Kwa uchi, mwalimu alishika télécommande mkononi saa zote kama askari anayeshika bunduki, na aliruka. Mara ingine alichelewa. Lakini damu hakuruka, na sisi tunamshukuru. Waamuzi sura ya 19 iko katika Biblia zetu, na ile sura haina mchezo. Anayetaka kujifunza mambo ya Warumi bila damu, afadhali ajifunze bustani.

Mzee alikubali kukaa kwa kipande kimoja. Kilikuwa kile cha shangwe ya ushindi wa Caesar, mwaka 46 mbele ya Kristo. Wanamleta Vercingetorix, mkubwa wa Wagalia, aliyejitoa mikononi mwa Caesar mwaka 52 na kukaa kifungoni karibu miaka sita. Wanamnyonga mbele ya watu wote, watu wanapiga kelele za furaha. Mzee akauliza pole pole: "Na huyu, alikuwa na watoto?" Hakuna aliyeweza kumjibu.

Hapa njo tunataka kukawia kidogo. Sisi tumefasiri Caesar tangu miaka tatu. Wakati wote tulisimama upande wake, sababu ni yeye anaandika. Anasema kazi ilifanyika, mji ulichukuliwa, watu waliuzwa. Sisi tunatafuta kitenzi kiko wapi, tunapata alama, tunapita. Katika kitabu chake cha pili anaandika ya kwamba mwaka 57 aliuza watu wa kabila la Aduatuci, hesabu yao 53,000. Sentensi ile ni fupi, haina shida ya sarufi. Nani kati yetu alisimama juu yake? Sasa katika filme askari Lucius Vorenus anatumainia kupata mali kwa watumwa aliopata vitani. Siku moja mfanyabiashara anamwambia ya kwamba wote wamekufa kwa ugonjwa, amebaki mtoto mmoja tu. Vorenus anasikitika, lakini anasikitikia hasara yake. Na huyu ndiye mtu mwema wa filme! Anapenda sheria, anapenda wanawe, anaomba miungu yake. Kama filme ingemfanya kuwa mtu mbaya, tungelala vizuri usiku ule.

Tena muangalie: makabila yale, Nervii na Aduatuci, yalikaa katika inchi ambayo leo ni Ubelgiji. Wanervii, Caesar anasema ya kwamba katika wapiganaji 60,000 walibaki kwa shida 500. Labda alizidisha hesabu apate sifa. Lakini watoto wa inchi ile ile, kisha miaka elfu moja na mia tisa, walikuja huku kwetu na barabara, kodi na askari, na mapadri wao wakatuletea kile kitabu cha Caesar tukisome. Tulipomwambia mwalimu neno lile alikaa kimya kidogo, kisha akasema tuliandike. Njo hili tumeandika.

Kuko kipande kingine ambacho hatutaki kukieleza kwa urefu. Vorenus anarudi nyumbani kisha miaka mingi ya vita. Mke alifikiri amekufa. Anasimama mlangoni na mtoto mchanga mikononi. Binti zake hawamjui, wanamwogopa. Mwenzetu mmoja, ambaye baba yake ni askari, alitoka inje wakati ule, na hakurudi mpaka mwisho. Hatukumfuata, na kesho yake hakuna aliyemwuliza kitu. Tulimwekea nafasi yake juu ya kiti, na posho iliyofuata alikuja.

Filme inadanganya pia, tusifiche. Cato wanamwonyesha mzee kabisa, na kumbe wakati ule hakufika hata miaka hamsini. Atia, mama wa Octavian, wanamfanya mwanamke wa hila na aibu, lakini mwandishi Tacitus anamsifu kwa namna alivyolea mtoto wake. Yule mama ameonewa, na hana mtu wa kumsemea. Na mambo ya askari Pullo na malkia Cleopatra ni hadithi tupu ya kutafuta watazamaji.

Wadogo wetu wa kelasi ya nane, mwisho wa mwaka mutachagua opsio. Nyuma yetu kuko wanafunzi wane tu, na tumesikia ya kwamba opsio yetu inaweza kufungwa. Watu wanawaambia Latini ni luga ya wafu, haileti ugali. Sisi hatuwezi kuwaahidi ugali. Tunawaambia tu muje siku moja mukae nasi, mulete franka kidogo za esansi.

Inabaki mashindano yetu. Vorenus na Pullo walikuwa watu wa kweli: wako katika kitabu cha tano cha Caesar, maakida wawili waliogombania cheo kila mwaka. Mwaka 54 Wanervii walizunguka kambi yao. Pullo akaruka inje peke yake, mkuki ukapiga ngao yake na kusukuma ala ya upanga, asiweze kuuchomoa. Vorenus, adui yake, akakimbia kumsaidia. Kisha Vorenus naye akaanguka katika shimo, na Pullo akamwokoa. Wakarudi wazima wote wawili, na Caesar anasema haikuweza kujulikana nani amemzidi mwenzake. Mwalimu alitupa sehemu ile kuifasiri kwa saa moja, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyetazama kazi ya jirani. Kisha tukapiga kura: watano kwa Vorenus, wane kwa Pullo. Wale wane hawakubali hesabu, wanataka turudilie.