Mpulizaji wa Mikorosho

Nilianza kupuliza mikorosho hapa Mtama wakati mashamba mengi ya Kusini yalikuwa yamegeuka pori. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000. Kufikia 1986/87 hazikufika 20,000. Watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, mikorosho yao ikabaki mbali. Bei nayo ikawavunja moyo. Juu ya hayo ukaingia ubwiriunga, kuvu anayefunika maua kwa unga mweupe hadi yakauke bila kushika korosho.

Watafiti wa Naliendele, kule Mtwara, walionyesha kuwa salfa inauzuia, na mashine za kubeba mgongoni zikafika vijijini. Salfa ya unga tuliipuliza alfajiri, upepo umelala, umande ungali majanini, maana umande ndio unaoshika unga. Wingu la manjano lilipanda hadi kileleni. Macho yaliwasha kutwa; wengi wetu tulijifunga kitambaa tu puani.

Ufundi hasa niliupata zilipokuja dawa za maji. Maji lazima uyachuje, kwani chembe ya mchanga huziba njia ya dawa. Injini inazungusha feni, upepo wa kasi unapita kwenye mdomo wa bomba na kuisambaratisha dawa ikawa ukungu. Tone moja likigawanyika kuwa vitone 8 vilivyo sawa, eneo linaloguswa na dawa huwa mara mbili. Ndiyo maana dawa kidogo huenea mti mzima. Dawa inayochuruzika imepotelea udongoni.

Hilo lilinigombanisha na wenye mashamba. Walitaka waone mti umelowa chapachapa.

"Fundi, mbona pakavu?" mzee mmoja wa Nyangao aliniuliza.

"Shikamoo mzee wangu, hebu njoo."

Nilimshushia tawi. Akapitisha kidole katikati ya maua, kikatoka na unyevu. Msimu uliofuata aliniita mwenyewe.

Dawa ya wadudu niliiogopa zaidi. Inaua mbu wa mikorosho, lakini inaua pia majimoto, wale sisimizi wanaowawinda mbu hao. Mti wenye majimoto wengi niliuacha, hata mwenye shamba akinuna.

Sasa kifua hakiniruhusu kubeba mashine. Vijana mnaoipokea kazi hii, vaeni barakoa na miwani kila mnapowasha injini, na upepo ukianza kuvuma, zimeni mrudi nyumbani. Nanyi wenye mashamba, msiwalazimishe kuendelea.