Raba Niliyoitupa

Toleo hili nitawasimulia aibu yangu, huenda ikamsaidia mwenzangu anayeshika spana wikendi ili alipe kodi ya chumba.

Nasoma uhandisi wa mitambo pale KTH, na Jumamosi nilikuwa kibarua kwenye karakana moja ya mashine nzito. Januari moja likaletwa katapila la magurudumu, lile la kusukuma theluji. Tangi lake la AdBlue lilikuwa limelegea. Nikaambiwa nilifunge upya.

Kwa wasioijua, AdBlue si mafuta. Ni maji safi yenye urea asilimia 32.5, yanayonyunyizwa kwenye ekzosi ya dizeli ili kupunguza sumu ya moshi. Inakula shaba, ndiyo maana tangi huwa la plastiki. Tena huganda kwenye nyuzi 11 chini ya sifuri, na ikiganda hutanuka kama asilimia 7. Lita 40 ni zaidi ya kilo 43, zinaning'inia kwenye mashine inayotetemeka kutwa.

Haya yote nilishayasoma, bwana. Lakini raba ya chini ya mkanda mmoja wa chuma ilikuwa imechakaa, stoo hakuna nyingine, na treni yangu inakaribia. Nikaitupa. Nikakaza mkanda kwa nguvu zangu zote, nikajaza tangi mpaka mdomoni, nikaenda zangu.

Usiku wa Jumapili baridi ikafika nyuzi 15 chini ya sifuri. Jumatatu alfajiri dereva akawasha mashine. Barafu ya tangini ilipoyeyuka, AdBlue ikavuja yote, injini ikapunguza nguvu yenyewe, na katapila likabaki limeziba njia ya shule ya watoto.

Jioni nilipopita karakana nikaona ufa ule, mahali mkanda ulipobana, na unga mweupe kama chumvi umekauka pembeni. Kumbe karatasi ya kazi ilikuwa na sahihi ya mwenzangu, kijana wa Eritrea, kwa sababu sisi vibarua hatusaini. Kibali chake cha kuishi kilitegemea kazi ile. Mimi ningenyamaza, nani angejua?

Nilisimama mlangoni kama dakika kumi. Kisha nikamwendea fundi mkuu. Hapa Sweden hata bosi huitwa kwa jina lake, ila mimi nilishindwa, nikamwita Mzee mpaka akazoea. Nikamwambia, "Mzee, ni mimi."

Hakufoka. Alisema raba lazima iwepo kati ya chuma na plastiki, bolti zikazwe kwa kipimo cha kitabu, juu ya tangi ibaki nafasi, na mashine ikishafanya kazi kidogo bolti zikaguliwe tena. Usiku ule tukafunga tangi jipya, yule kijana akitushikia taa. Hakunisemesha mpaka tulipomaliza, ndipo akanimiminia kahawa. Kibarua changu kilisimama wiki mbili.

Malori ya mitumba kutoka Ulaya yanashuka Dar na Mombasa na matangi haya haya. Kwetu hayatagandishwa na baridi, lakini barabara za makorongo mnazijua wenyewe. Ukirudi nyumbani ukakabidhiwa moja, kumbuka raba. Na kosa likiwa lako, jamani, sema mapema.

Ni hayo tu.