Waliokokota mizinga ya Königsberg

Jirani yangu hapa Portsmouth, bibi mwenye mvi, alileta nishani ya babu yake mezani kwangu, na tangu siku hiyo nina wivu usiotulia.

Ni ya fedha, mviringo, ina sura ya Mfalme George wa Tano katika sare za admirali. Utepe wake ni wa buluu iliyokolea, na katikati una mistari miwili myeupe. Hayo tu yalitosha kumjulisha bibi kwamba ni Distinguished Service Medal, iliyoanzishwa mwaka 1914 kwa ajili ya mabaharia wa vyeo vya chini walioonyesha ushujaa. Ukiigeuza ubavu, ukingoni pamegongwa namba, jina, cheo na manowari: HMS Severn. Akaichukua namba hiyo hadi Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa kule Kew, akatoka na ukurasa wa daftari la utumishi: kimo cha babu, rangi ya macho yake, nanga aliyojichora mkononi, hata mwenendo wake kazini. Tangazo la nishani lenyewe limo katika London Gazette. Babu mzima, kutokana na ukingo wa kipande cha fedha!

Severn na mwenzake Mersey ndizo zilizoimaliza manowari ya Kijerumani Königsberg kwenye delta ya Rufiji, 11 Julai 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza. Bibi akaniuliza, kwa wema kabisa, "Na wa kwenu je?"

Wa kwetu, kusini mwa Tanzania, wanaanzia pale hadithi yake inapoishia. Wajerumani waliopoa mizinga kumi ya meli ile, wakaifungia magurudumu, ikakokotwa huku na huko nchini. Nahodha wake, Looff, alikuja kupigana upande wa Lindi mwaka 1917. Oktoba moto ukawaka Mahiwa na Lukuledi misheni. Tarehe 25 Novemba kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, akavuka Ruvuma, nyuma yake maghala matupu. Mizinga na risasi za vita hivyo zilikuwa juu ya mabega ya nani?

Mjomba wangu wa Lukuledi anasema babu yao alikamatwa shambani, akabebeshwa mzigo, akarudi bega moja limeshuka. Lakini ukimuuliza habari za marehemu, sharti kwanza utaje nihimo lako, yaani ukoo, halafu nani alirithi jina, kisha chai, kisha wageni, kisha shangazi anakatiza: siye huyo, ni kaka yake! Namba hakuna.

Na wenye madaftari nao? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu waliokufa katika vita hivyo wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hasa wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wengine hawakukumbukwa kabisa. Hao ni wa upande wa Waingereza tu. Lakini mzinga mmoja wa Königsberg umesimama Fort Jesus, Mombasa, watalii wanapiga nao picha.

Msinijibu kwamba ni mambo ya kale. Mjomba bado anawataja waliochukuliwa pamoja na babu yake, kila mtu kwa nihimo na jina la mama. Sisi tukienda likizo tunarekodi harusi. Nimemwomba binamu yangu wa Masasi akae naye jioni, simu iwe wazi, asimkatize. Shangazi naye awepo, abishe humo humo kwenye rekodi.