Tulipokwenda Nyumbani Bila Msiba

 Najua nimepotea, mtanisamehe, kazi za chumba cha habari mnazijua wenyewe. Leo sina siasa wala mpira. Nina habari ya nyumbani kwetu tu. Juzi nilikwenda kwa wazee pale Yombo Vituka, Mama akanituma kabatini nimtafutie kitambulisho chake, nikakutana na daftari la ukoo. Nikakaa chini kulisoma mpaka chai ikapoa.

Kabla sijaendelea nina swali. Ni lini mara ya mwisho familia yenu yote ilisafiri pamoja kwenda kwenu, na hakuna aliyekufa? Usijibu haraka, fikiria kwanza.

Sisi kwetu ni Kyela, kule mwisho wa nchi, pembeni ya Ziwa Nyasa. Mimi nimezaliwa Temeke na nimekulia Temeke. Mpaka nafikisha umri wa kuoa nilikuwa nimekwenda Kyela mara nne: msiba wa bibi mwaka 2004, wa baba mkubwa 2009, wa binamu yangu 2013 na wa baba mdogo 2017. Mara zote ni ile ile. Simu inalia usiku, Mama anapiga ukelele, alfajiri Coaster iko mlangoni, mchana tunapita Mikumi wala hakuna mwenye hamu ya kuangalia tembo. Mlima Kitonga tunaupanda kwa mapambio. Tunafika usiku, tunazika, tunanyoa, tunarudi. Ukiniuliza Kyela ina rangi gani nilikuwa nakujibu: rangi ya turubai.

Na hela ya kwenda huko haijawahi kukosekana! Hilo daftari ni shahidi. Limejaa majina, kiasi na sahihi. Usiku mmoja tu watu wa Yombo, Tandika, Mbagala na Mwananyamala wanachanga zinatosha gari, jeneza, mchele na maziko.

Sasa mwaka 2019, mwezi wa nne, nilimpeleka Mzee hospitali. Alikuwa anajigonga kwenye milango, anamwaga chai pembeni ya kikombe, sisi tukadhani ni uzee. Daktari akampima akasema ni presha ya macho, na imeshakula sana. Akatuambia kwa upole kwamba uono uliokwisha kupotea haurudi, dawa ya matone ni ya kulinda uliobaki. Mzee akasema asante. Hakuuliza kitu.

Tukapanda daladala kurudi. Kimya njia nzima. Tulipofika mataa ya Tazara, akageuza uso upande wa ile stesheni kubwa, akaniuliza, "Mwanangu, hivi yale mahandaki bado yapo?"

Nikamwambia yapo, Baba, yataenda wapi. Akasema, "Ningependa kuyaona tena." Basi. Hakuongeza neno.

Kwa wasiojua, Mzee wangu ni mmoja wa wale vijana walioijenga TAZARA. Mkataba wa reli ile ulisainiwa Beijing mwaka 1967 kati ya Tanzania, Zambia na China, baada ya wakubwa wa Magharibi kuona haina faida. Kazi ikaanza 1970, reli ikakamilika 1975 na kukabidhiwa rasmi Julai 1976. Kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Mzee aliingia kibarua mwaka 1972 akiwa na miaka 19, akapangwa kipande kigumu kuliko vyote, kati ya Mlimba na Makambako, ambako reli inatoka bonde la Kilombero na kupanda milima. Huko ndiko yaliko mahandaki mengi na madaraja marefu kama lile la mto Mpanga. Wapo waliofia kazini, Watanzania, Wazambia na Wachina. Wataalamu wa Kichina zaidi ya 60 wamezikwa hapa hapa kwetu, upande wa Gongo la Mboto. Mzee alikuwa akipita karibu na makaburi yale anavua kofia.

Kazi ilipoisha alikuja Dar akapata kiwanda Chang'ombe, akaoa, akatuzaa. Honi ya treni tunaisikia kutoka kitandani. Lakini safari zetu za nyumbani zikawa za Coaster, maana maiti haisubiri ratiba ya treni.

Haya. Jumapili ile ile nikaitisha kikao. Nikasema nataka tumpeleke Mzee nyumbani kwa treni, wote, likizo ya Desemba, wiki mbili. Milima ya kule, ziwa, turudi. Kaka akauliza, "Kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu. Shangazi, aliyekuja toka Mwananyamala kwa ajili ya kikao hicho tu, akanitazama kama mgonjwa. "Hela ya ukoo ikatembee? Kwani nani kafa?"

Nilicheka, lakini wadau, lile swali lilinichoma. Ndiyo hali yetu. Tuna utaratibu wa kumsafirisha maiti kilomita mia tisa, mtu mzima mwenye macho yanayozimika hatuna utaratibu wake.

Halafu kukawa na ubishi wa njia. Shemeji ni Muha wa Kigoma, akasema kama ni treni na ziwa basi hakuna zaidi ya Reli ya Kati. Akatupa somo: Wajerumani walianza kuijenga Dar mwaka 1905 wakafika Kigoma 1914, ukishuka unaliona Ziwa Tanganyika, kina chake karibu mita 1,470, na kuna meli Liemba iliyojengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa vitani 1916, ikaibuliwa 1924. Nilikubali moyoni kwamba ni safari tamu. Dada naye akataka Mwanza. Mzee alikuwa kimya kwenye kiti chake, mkono umeshika fimbo. Mama ndiye aliyemaliza maneno. "Kigoma mtakwenda mkiwa na macho yenu. Huyu mnampeleka kwake."

Tukafungua kundi la WhatsApp, tukaliita Safari ya Mzee. Kila mkubwa laki mbili na nusu mpaka Novemba. Mwezi wa tano, kimya. Wa sita, watu wanatumiana vichekesho na picha za maua za asubuhi njema. Wa saba nikahesabu: elfu themanini, na zote zangu! Kila mmoja na sababu: ada, kodi ya nyumba, bati zimevuja. Sababu za kweli kabisa. Lakini mwezi huo huo akafariki jirani yetu wa Yombo, na ndugu zangu wale wale wakatoa rambirambi jioni ile ile.

Aliyetuokoa ni Shangazi, yule yule. Alikuja siku moja akamkuta Mzee anapapasa ukuta kutafuta swichi ya taa. Hakusema kitu. Akaingia ndani akatoka na daftari la misiba, akafungua ukurasa mpya, akaandika kwa mkono wake: SAFARI YA MZEE, DESEMBA 2019. Chini yake jina lake, laki mbili na nusu, sahihi. Akampigia simu kila mtu. "Daftari liko wazi, nakusubiri." Jamani, daftari lile lina nguvu! Watu walioweza kuipuuza WhatsApp miezi mitatu walishindwa kuona jina lao likiwa tupu kwenye daftari lile. Hadi mwisho wa Oktoba ukurasa ulikuwa umejaa.

Ikabaki mipango yenyewe. Tulikuwa watu kumi: wazee wawili, Shangazi, mimi, Kaka na Shemeji na watoto wao wawili, Dada na mwanawe. Ndani ya treni ile chumba cha daraja la kwanza kina vitanda vinne, cha daraja la pili sita, na wanaume na wanawake hulala vyumba tofauti isipokuwa mkinunua chumba kizima. Nne na sita ni kumi! Tukanunua vyote viwili. Shangazi alisema hiyo ni ishara. Mama akaanza kuandaa maandazi, kuku wa kukaanga, chupa za chai na sufuria ya wali kana kwamba tunakwenda mwezini.

Kasoro ikawa moja tu, na nilikuja kuiona usiku nikiwa na karatasi na kalamu. Treni inatoka Dar mchana. Kwa hesabu yangu, jioni tungekuwa katika mbuga ya Selous, ambayo sehemu yake mwaka ule ule ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Mlimba tungefika usiku mkubwa. Yaani kile kipande cha Mzee, mahandaki yake yote, tungepita gizani! Miezi minane ya kuhangaika ili mtu akaone, halafu apite usiku. Nilikaa na siri hiyo siku tatu. Mwisho nikamwambia. Akacheka. "Unadhani mahandaki yana mwanga mchana?"

Tukaondoka. Watoto hawakubanduka dirishani. Jioni tuliona twiga kwa mbali, Shemeji akapiga kelele hadi Mzee akaulizia yuko upande gani, akageuza uso na kusema amemwona. Sijui kama alimwona.

Usiku nikaamshwa na mkono begani. Mzee alikuwa ameketi, koti limefungwa hadi shingoni. "Waamshe watoto." Tukajazana chumba kile kumi wote, taa tumezima, dirisha wazi, baridi inaingia. Treni inapanda taratibu. Nje hakuna kinachoonekana, giza tupu, kila mmoja wetu haoni kama yeye. Mara sauti ya magurudumu ikabadilika, ikawa nzito, ikaturudia masikioni, harufu ya dizeli ikaingia. "Handaki," akasema Mzee. Likaisha, sauti ikafunguka. Kisha sauti ikawa nyembamba, kama tunaelea. "Daraja." Halafu handaki tena. Watoto wakaanza kubahatisha, na yeye akawa anawasahihisha kama mwalimu. Katikati ya handaki moja refu akataja jina la rafiki yake wa kibarua, ambaye sisi hatukuwahi kumsikia, akasema walikula naye chakula cha mwisho karibu na hapo. Mama alikuwa naye miaka arobaini na ushee wala hakuwa akijua. Hakuna aliyelia. Tulisikiliza tu mpaka kukaanza kupambazuka, ukungu juu ya vilima, na watu wa Makambako wamejifunga mablanketi.

Mbeya tukashuka, tukakodi gari, tukapita Uyole na kuteremka Tukuyu, Mlima Rungwe umejifunika wingu, migomba na chai kila upande. Na hapo ndipo lilipotokea lile ambalo sitalisahau. Gari lilipoingia kijijini, bibi mmoja jirani aliyekuwa anaanika mpunga alituona tunashuka, watu kumi na mabegi. Akaweka mikono kichwani akaangua kilio! Wanawake wengine wakatoka mbio wakidakia. Ikabidi Mzee mwenyewe asogee mbele na fimbo yake, apaze sauti kwa Kinyakyusa kwamba hajafa mtu, wamekuja kutembea tu. Yule bibi akanyamaza, akatukagua mmoja mmoja, akahesabu, halafu akacheka mpaka akakaa chini. Akawa anasema "ndaga, ndaga", asante, asante.

Tulikaa siku kumi na moja. Tulikula mbasa kwa wali wa Kyela. Makaburi tulikwenda, lakini tulikwenda mchana, tukang'oa majani, watoto wakauliza maswali na wakajibiwa. Matema tukalala siku mbili. Pale Milima ya Livingstone inaingia moja kwa moja ziwani, na Shangazi alinunua vyungu vya Wakisi vingi kupita kiasi. Mzee alikuwa anakaa mchangani kutwa, ameelekea majini. Maji yale yanang'aa, na kung'aa ndiko alikokuwa bado anakuona vizuri.

Sasa ni miaka imepita. 2020 ikaja na korona, ingekuwa si 2019 isingekuwa tena. Treni ya umeme ilianza Dar hadi Morogoro Juni 2024 na Julai ikafika Dodoma. Septemba 2025 ukasainiwa mkataba na kampuni ya Kichina wa kuifufua TAZARA kwa dola bilioni 1.4. Nilimsomea Mzee habari hiyo. Siku hizi anatofautisha usiku na mchana tu. Akaniuliza kama wataongeza mahandaki.

Basi nilipokuwa na lile daftari juzi nilihesabu kurasa. Kuna misiba kumi na tisa, na safari moja. Nikaomba kalamu kwa Mama. Nimefungua ukurasa mpya, nimeandika KIGOMA, jina langu, laki mbili na nusu, na sahihi. Nimempigia Shemeji simu kwanza, halafu Shangazi.

Shangazi hajauliza nani kafa. Ameuliza tunaondoka lini.

Alamsiki wadau.