Pima Kwanza

Gari la mjomba lilipoanza kupiga kishindo kila likibadili gia, Mungaa nzima ilishatoa hukumu: gia boksi imekwisha, ng'ombe wauzwe. Fundi akacheka. "Dogo, utamzikaje mtu hujamshika mapigo?"

Akazima gari, akachukua mita. Mimi nikashika tochi. Solenoidi ya presha ikikosa umeme, kwa kawaida presha ya mafuta hupanda na gia huingia kwa nguvu. Koili yake, kwenye Toyota nyingi, husoma kama omu 5. Akapima kuanzia plagi ya kompyuta: mita kimya. Akapima kwenye gia boksi yenyewe: omu 5! Koili nzima, uliokatika ni waya wa katikati.

Ng'ombe wakabaki zizini. Nami, ndugu msomaji, mhusika wa riwaya yangu akigoma simuui haraka. Namtafutia kwanza waya uliokatika.