Mcheza kwao hutunzwa: Funzo nililolipata Gede

Je, msomaji, umewahi kuletewa na mtoto kitu alichokiunda kwa mikono yake mwenyewe, gari la waya, mashua ya kifuu au nyumba ya matofali ya plastiki, nawe ukajibu "Nzuri sana" hali macho yako yangali kwenye simu? Kama hujawahi, basi wewe ni mzazi wa kupigiwa mfano. Mimi nimefanya hivyo mara nyingi, na ilibidi nisafiri hadi Gede ndipo nikatambua kosa langu.

Gede ni mji mdogo katika Kaunti ya Kilifi, kiasi cha kilomita 16 kusini mwa Malindi, mahali inapochepuka barabara ya kwenda Watamu. Ukipanda matatu kutoka Mombasa utavuka daraja la Kilifi, kisha utaandamana na msitu wa Arabuko-Sokoke upande wako wa kushoto, na kabla hujachoka kuhesabu minazi utakuwa umefika.

Tulikwenda huko likizo ya Agosti kumtembelea dada yangu aliyeolewa pande hizo. Binti yangu alibeba mkebe wake wa matofali ya plastiki, yale yanayobanana kwa vifungo. Tulipoingia uani tukamkuta mpwa wangu, kijana wa miaka 10, amechutama mbele ya jumba alilolijenga kwa vipande vya mawe yaliyobaki baba yake alipokuwa akijenga. Udongo wa maji ndio uliokuwa saruji yake, na paa lilikuwa la makuti.

"Shikamoo mjomba. Tazama nyumba yangu."

"Marahaba. Nzuri sana," nikasema, nikiwaza chai ya dada yangu. Kisha, kwa mzaha tu, nikaongeza: "Lakini fundi, mbona mlango umekwenda upande?" Watu wazima tukacheka. Kijana hakucheka.

Asubuhi niliamka nikakuta rundo la mawe mahali palipokuwa na jumba. Nilimuuliza dada yangu kama mbuzi alipita hapo. Akanitazama kidogo, akasema, "Si mbuzi. Amelibomoa mwenyewe jana usiku."

Msomaji, maneno hayo yaliniingia. Siku hiyo tulikuwa tumepanga kuzuru magofu, nami nilikwenda huku nikijiona mdogo. Mpwa wangu alitufuata nyuma, kimya.

Magofu ya Gede yamo ndani ya msitu, na yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mnamo Julai 2024 yaliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia. Ukiisha kulipa kiingilio, ficha ndizi zako, maana kima wa hapo hawabishi hodi. Utatembea chini ya miti mikubwa iliyokumbatia kuta kwa mizizi, na utaona mabaki ya mji wa Waswahili uliostawi kwa karne kadhaa kabla ya kuachwa mwanzoni mwa karne ya 17. Kuna Msikiti Mkuu na kisima chake kirefu, kuna kasri, na kuna kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399 Miladia. Wanafunzi watafurahi kusikia kwamba nyumba za hapo zilikuwa na vyoo ndani. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mapaa yalibebwa na boriti.

Lakini kilichonisimamisha ni majina ya nyumba. James Kirkman, mtaalamu wa mambo ya kale aliyechimbua mji huu kuanzia 1948 hadi 1958, hakujua majina ya waliokuwa wakiishi humo. Basi nyumba nyingi zikaitwa kwa vitu vilivyofukuliwa ndani yake. Ndiyo sababu utasikia habari za Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Sanduku la Pembe na Nyumba ya Ushanga wa Venice.

Hebu fikiri, msomaji. Mtu angeweza kupita upesi akasema, "Magofu mazuri sana," akaenda zake. Badala yake wachimbaji walipiga magoti, wakapangusa mchanga, wakaitaja kila nyumba kwa kile walichokikuta. Hakuna heshima kubwa kuliko hiyo kwa mtu aliyejenga. Nami kwa mpwa wangu sikuwa nimepiga magoti hata dakika moja.

Tuliposimama penye mlango mmoja, mtembezaji wetu alitueleza kwamba katika nyumba za mawe za Waswahili, aghalabu njia ya kuingilia ilipindishwa, mlango wa nje usielekeane na wa ndani, ili mpita njia asione mambo ya wenyewe. Nikageuka kumtazama mpwa wangu. Alikuwa akitazama chini.

"Ndiyo sababu ya mlango wako?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mjomba. Mgeni asione ndani."

Naam! Kosa nililolicheka mbele ya watu halikuwa kosa. Lilikuwa jambo alilolijua yeye, nisilolijua mimi. Nikamwomba radhi hapo hapo, na sioni aibu kuwaambia. Mtu mzima hapungukiwi kitu kwa kumwomba radhi mtoto.

Jioni ile yeye na binti yangu walianza kujenga upya, nusu mawe ya uani, nusu matofali ya plastiki. Picha iliyokuwa kwenye mkebe, ya nyumba ya Kizungu yenye dohani, waliitupa kando. Walifanya vyema. Mwenye kuanzisha kampuni ya LEGO, Ole Kirk Christiansen, alikuwa seremala wa Denmark aliyeanza kuchonga vitu vya kuchezea vya mbao mwaka 1932, na jina hilo latokana na maneno ya kwao yenye maana ya "cheza vizuri". Tofali la vifungo tulijualo leo liliombewa hataza mwaka 1958, mwaka ule ule Kirkman alipomaliza uchimbaji wake Gede. Wanahisabati wamekokotoa kwamba matofali 6 tu ya vifungo 8, yote ya rangi moja, yaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Basi mzazi atamwambiaje mtoto kwamba amekosea kwa kuwa hakufuata picha moja?

Safari hii nilichutama. Sikusema "nzuri". Nilitazama kwanza, kisha nikataja nilichokikuta: "Naona kisima mmekiweka karibu na msikiti kama kule magofuni. Na hili kombe la konokono ni la nini?" Mpwa wangu akaanza kueleza. Kombe lilikuwa birika la kutawadhia. Ukuta wa plastiki ulikuwa wa tajiri aliyenunua mawe ya rangi kutoka ng'ambo. Alizungumza kwa muda mrefu kuliko nilivyomsikia siku zote mbili.

Paa lakini lilikuwa likilegea katikati. Ningenyamaza? La hasha! Kumtia mtoto moyo si kumdanganya. Nikamuuliza, "Masika yakija, paa hili litashikwa na nini?" Akafikiri, akaenda kuvunja vijiti vya mkaa, akavilaza juu ya kuta kama boriti, kisha akarudisha makuti. Sikumwonyesha mimi. Aliyaona mwenyewe kule magofuni.

Babu yake mzaa baba, aliyekuwa ameketi kwenye mkeka, alitikisa kichwa. "Mwanangu," akaniambia, "usimsifu sana. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji."

Methali hiyo sote tumelelewa nayo, na wazazi wengi huitumia kama kufuli ya mdomo. Lakini nilikumbuka kwamba mzee mwenyewe alipanda minazi ujanani. Nikamuuliza, "Mzee, wewe ulilitia maji?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Aliyenisifu ovyo nilimtilia. Lakini yule aliyeonja akaniambia, leo tembo limechacha, jana lilikuwa tamu kwa kuwa uliwahi kulitega, huyo sikuthubutu."

Msomaji, sijasikia maelezo bora ya methali ile. Sifa za ovyo ndizo zinazoharibu. Sifa za mtu aliyeonja humfanya mgema awe mwangalifu zaidi.

Kwa hiyo, ikiwa mwanao, mdogo wako au hata rafiki yako mtu mzima anapenda kuunda vitu vya namna hii, nakuachia mambo matatu ya kujaribu Jumapili hii.

Kwanza, shuka chini uwe sawa na kile kitu. Nyumba ya kuchezea haionekani vizuri kutoka kimo cha mtu mzima.

Pili, taja kitu kimoja ulichokiona kweli: dirisha, gurudumu la ndara kuukuu, namna rangi zilivyopangwa. Ukikosa cha kutaja, bado hujatazama.

Tatu, uliza kabla ya kukosoa. Huenda mlango umekwenda upande kwa sababu. Na pakiwapo dosari ya kweli, iulize iwe swali ambalo fundi mwenyewe ataweza kulijibu.

Na ukipata nafasi, wapeleke watoto Gede. Waambie wasiokote wala kusogeza jiwe lolote la magofu, maana hayo ni mali ya vizazi vyote. Wakitoka huko, wapitishe penye Mradi wa Kipepeo ulio hapo hapo, ulioanzishwa mwaka 1993, ambapo wakazi wa kando ya msitu hupata riziki kwa kufuga vipepeo. Kisha ukirudi nyumbani, wape mawe, maboksi au matofali ya plastiki, uwaache wajenge mji wao.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Siku ya kuondoka, mpwa wangu alitusindikiza hadi barabarani. Matatu ilipokaribia akanivuta shati. "Mjomba, ile nyumba yetu nimeipa jina," akasema. "Inaitwa Nyumba ya Kombe."

Mara hii hakuibomoa. Dada yangu ameniambia kwa simu kwamba ingali uani, na kwamba sasa ina ghorofa.